Amos wa Kwanza na Kisu cha Ukoo

Jumatatu, 5 Agosti
Dada Lurleen, salamu katika jina la Bwana. Hujambo? Na goti lako? Sisi wazima. Shajara ya wiki hii nitakutumia yote, maana ukoo wa Crabtrell utatikisika! Jumamosi tunakutana. Binamu Ardith atakalia tena kiti cha mbele, ataomba, atakata paja la nguruwe. Kisa? Eti yeye ni wa mlango wa Josiah, mzaliwa wa kwanza wa babu Ezekiel aliyevuka bahari. Miaka kumi na tisa namtazama akikata! Safari hii basi.

Jumatano, 7 Agosti
Haleluya! Nimetoka ofisi ya kumbukumbu. Kitabu cha ubatizo, 1741: Amos, mwana wa kwanza wa Ezekiel. Amos! Babu yetu! Nikapiga kelele. Karani akanikanya, hapa si kanisani. Nikamjibu pangekuwa kanisani ningeruka.

Alhamisi, 8 Agosti
Makaburini na mke wangu Neva. Jiwe la Amos lipo, ila mwaka wa kuzaliwa umemezwa na kuvu. Neva akasema sugua tuone. Nikamwambia imani haihitaji brashi. Akasema hata Tomaso alishika kwanza. Mwanamke huyu! Nikarudi nyumbani kunoa kisu.

Jumamosi, 10 Agosti
Nilisimama kabla ya sala, kisu mkononi, nikasoma karatasi yangu. Ardith akatabasamu, akafungua Biblia ya ukoo. Amos yule alikufa kwa surua, miaka miwili tu. Wazee wale hawakuacha jina lipotee. Wakampa kitinda mimba, mtoto wa kumi na moja. Huyo ndiye wetu! Na jiwe yeye alilisugua: 1762. Akanishika bega: pole Homer, miaka yote tulidhani nyie ni mlango wa nane. Dada, kazi ya mlango wa mwisho unaijua. Nimeosha sahani mia na arobaini. Neva alifuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Jumapili, 11 Agosti
Ibadani nilinyenyekea kabisa, hadi wimbo wa pili. Ndipo wazo likanishukia! Nani aliona kaburi la yule mtoto? Nimezunguka makaburini mchana kutwa, halipo! Na kama alipona? Jiwe la 1762? Mawe nayo hukosea. Dada, Biblia ya bibi unayo wewe huko Ohio. Ifungue, utazame kama Amos alikufa kweli. Kisu nimeshakinoa tena. Nakuomba unijibu upesi.