Magurudumu ya Landrova kwenye Tela la Nyanya

Jumatatu, 24 Machi 2025. Mlali.
Samahani, daftari. Mara ya mwisho nilikuandikia nikiwa na mimba. Leo Mosi ana meno mawili na yote ameshaning'atia.

Nyanya zangu zimeiva, matenga kumi na nane. Lori la mnunuzi linasimama barabarani Ijumaa saa nne, halirudi hadi wiki ijayo, na nyanya haijui kusubiri. Njiani tope tupu. Tela langu lina magurudumu ya gari dogo. Juzi lilizama hadi tumboni. Jirani yangu Mwanvita akasema nipande mpunga humohumo. Kisha akajitolea kunibebea kwa tela lake. Kubebwa na Mwanvita! Angesimulia mpaka Mosi aoe.

Dawa nimepata. Magurudumu mawili ya Landrova bovu la mjomba, Kihonda. Makubwa! Meno kama ya mamba!

Jumanne, 25 Machi.
Fundi Mikidadi amekuja. Habu za tela, vile vitovu vya chuma vinavyobeba gurudumu, zina stadi nne, yaani zile skrubu nene zilizochomoza. Gurudumu la Landrova lina matundu matano. Nikamwambia asukume kwa nguvu. Akaniuliza shati la mikono mitatu ninamvalishaje mtoto. Jeuri! Ila amesema habu zinatoboleka upya, stadi tano kila moja. Stadi hana.

Nikamtumia meseji kaka Athanas, Turiani: "Nitumie stadi kumi haraka, tela limekwama." Akajibu: "Kumi sijapata. Mmoja anafika kesho." Nikamshukuru Mungu.

Jumatano, 26 Machi.
Ningesoma vizuri. Mmoja, si moja! Lakini nilikuwa nanyonyesha huku nasinzia.

Stadi ameshuka kwenye basi. Ana miguu. Anaitwa Benedikto, mtu wa makamo, cheti cha ufundi stadi kimefungwa kwenye nailoni. Nikampikia ugali, mgeni hana kosa. Nikasoma cheti. Ushonaji!

Nikampigia Athanas. Akalalamika kwamba kazunguka Turiani nzima, mafundi magari wote wana kazi, nishukuru hata huyo. Nikamweleza kuwa stadi ni chuma. Kisha akauliza kama Benedikto ameshakula.

Alhamisi, 27 Machi.
Mikidadi kajaribisha. Tundu moja linakubali, manne yanakataa. Amesema nirudishe magurudumu madogo, nikamwombe Mwanvita. Nikamwuliza gurudumu la toroli limeshikwa na nati ngapi. Moja tu katikati, na linabeba mawe! Kachukua jeki yake kaondoka.

Tukafunga nati moja kila upande. Matundu yaliyobaki Benedikto ameshona. Kweli kashona, kwa sindano ya magunia na mipira ya baiskeli, rimu na habu. Mishono imenyooka kuliko ya gauni langu la harusi.

Ijumaa, 28 Machi.
Mzee Pazi wa hapa kijijini kaleta pawatila, kile kitrekta cha mkono, ya kuvuta tela. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku akitazama mishono, akauliza anavuta tela au godoro.

Kwenye korongo tope halikutugusa! Nikapiga kigelegele, Mosi mgongoni akacheka. Kisha mteremko. Gurudumu la kushoto likatupita. Hata halikuaga. Likakunja kona, likaingia uani kwa Mwanvita. Tela likalala ubavu. Matenga saba, rojo.

Nilikaa kwenye tope nikalia kidogo. Mosi akala nyanya.

Mwanvita akatokea na tela lake. Magurudumu madogo kama yangu ya zamani, ila kayazungushia minyororo. Akasema: "Mama Mosi, gurudumu lako limetangulia. Nimelikaribisha chai, limekataa." Tukapakia wote. Matenga kumi na moja yamefika saa nne kasorobo.

Jumamosi, 29 Machi.
Nimefikiri kwa utulivu. Kijiji kizima kinasema Mwanvita ndiye aliyeokoa nyanya. Sawa. Nani alikwenda kumwita? Gurudumu langu! Kwa hiyo mpango ulikuwa mzuri, gurudumu ndilo lilikuwa dogo.

Nimemwandikia Athanas ninachohitaji. Magurudumu mawili ya trekta, yale ya nyuma, matundu idadi yoyote. Jeki moja. Mche mmoja wa sabuni, tope halitoki. Nati kumi na sita. Nati zikikosekana, sindano sita za magunia na uzi mnene.