Betri Nne za Mdomo Sukari

Mdomo Sukari alimwona mama mpiga picha akitoka duka la tatu mikono mitupu, kamera shingoni, uso umekunjamana kwa bei alizosikia. Akajua riziki inakuja yenyewe, tena imevaa raba.

"Shikamoo mama! Betri za kuchaji, bei ya kutupa! Unachaji mara moja, unapiga harusi nzima mpaka mawifi wanaogombana."

"Marahaba, baba. Harusi ninayo kesho. Zikinizimikia bibi harusi akiingia, watanitafuna mbichi."

"Zizime? Zithubutu!"

Msomaji, sogea nikunong'oneze. Pale mezani betri zenye uhai zilikuwa nne tu, za bei mbaya, na ndizo zilizomlisha Mdomo Sukari mwaka mzima: za kuonyeshea. Zile za kwenye pakiti zilikuwa marehemu wa jalalani, wameoshwa, wakavishwa karatasi mpya yenye namba kubwakubwa. Mungu awarehemu.

Akazitia zile nne kwenye kamera ya mama. Pap! Pap! Mwanga ule, fundi viatu wa meza ya jirani akajidunga sindano.

Mama akapima pakiti kiganjani. "Mbona nyepesi kama ahadi ya mlevi?"

"Teknolojia, mama! Hizi na hizo za kwenye kamera ni ndugu wa tumbo moja. Bei moja, nguvu moja. Nikidanganya, radi inipige hapa hapa!"

"Basi nimekuamini. Hebu nikupige picha, niwaonyeshe wenzangu wote pa kununua."

Wenzake wote! Mdomo Sukari akajiona keshapaua ghorofa. Akachomekea shati.

"Rudi nyuma. Tena. Kidevu juu, mwanangu, kwani unaumwa? Geukia ukutani, nataka ubavu. Sasa fumba macho, flashi kali hii. Tabasamu! Usitikisike mpaka niseme!"

Hakutikisika. Alitabasamu mpaka mashavu yakafa ganzi.

"Tayari, mama?"

"Mama yupi?" akajibu fundi viatu. "Keshapanda gari."

"Mwizi! Betri zangu!"

"Mwizi gani? Pesa yako ile pale juu ya pakiti, bei uliyotaja mwenyewe. Kasema kachukua wale ndugu waliokwishaingia kwenye kamera, maana tumbo ni moja."

Kabla Mdomo Sukari hajapata pa kukalia, mteja mwingine akainamia meza, kamera mkononi.

"Kaka, hebu nijaribishie."

"Mwenye meza katoka," akasema Mdomo Sukari. "Mimi mpita njia tu."