Mbuni Hawana Kipa

Nimejiaibisha leo. Tena mbele ya wageni kutoka Bahrain, tena nimevaa koti jeupe.

Naandika haraka kabla Wafula hajawatumia video, maana najua atakavyolihadithia jambo hili. Na wahusika nitawataja kwa majina. Sifichi mtu. Kwa nini nife peke yangu?

Kwa mliojiunga na kundi juzi: mimi ni Shabani, mtu wa Muheza, mlinzi wa geti kwenye makazi ya wazungu huku Al Rayyan. Nimepona mengi. Wakala aliniahidi kazi ya hoteli, nikajikuta nabeba mabomba juani, nikapona. Kampuni ikafilisika tukiwa kambini tunakula wali mtupu, nikapona. Joto la mwezi wa saba ndiyo usiseme. Sikujua kwamba kitakachonimaliza ni mpira, na mpira wenyewe hata si wa duara.

Ni mpira wa Kiaustralia. Msioujua, nawaeleza kidogo. Mpira una umbo la papai. Uwanja una umbo la papai. Watu wanaukimbiza kwa mikono na kwa miguu, wanagongana, wanaparamiana mabegani kama wanaangua nazi. Golini kuna nguzo nne ndefu, hazina nyavu, hazina mwamba wa juu. Ukipitisha katikati, pointi sita. Ukikosa, ukapitisha pembeni, unapewa pointi moja. Ndiyo, umesoma vizuri. Umekosa, unapewa pointi! (Mimi nimekosa maisha yangu yote, sijaona aliyeniletea hata nusu.)

Na golini hakuna kipa. Hakuna! Nguzo zimesimama pale kama geti lisilo na mlinzi. Hili limeniuma tangu siku ya kwanza, kwa sababu mimi ni mlinzi, na ujanani nilikuwa kipa wa timu ya kiwanda cha katani.

Timu yangu inaitwa Mbuni. Jina limewafaa: mbuni ana mbawa, ana mbio, na haruki. Ni wazungu wanaofanya kazi hapa Doha, wanacheza Ijumaa. Msimu huu hawajashinda hata mechi moja. Mimi ndiye shabiki wao. Sijasema mmoja wa mashabiki wao. Nahodha, Mista Glen, anaishi kwenye makazi ninayoyalinda, na Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, ananipakia kwenye gari pamoja na deli la maji, tunakwenda.

Wanaotuangusha nawajua. Mista Glen mwenyewe ana roho nzuri na mgongo mbovu. Yupo rubani mmoja, Pita, kila Ijumaa ndiyo kwanza ametua (miguu imefika, kichwa bado kiko angani). Halafu daktari wa meno! Huyo anaogopa kuumia vidole, basi mpira ukija anaupisha kwa heshima kama anampisha mkwe. Nimewaambia mara ngapi wekeni kipa! Mista Glen ananijibu, "Shabani, mchezo huu hatuchezi hivyo." Haya, endeleeni kufungwa.

Lakini nawapenda, ndiyo taabu. Siku sita kwenye kibanda changu maneno yangu ni "karibu sana" na "kitambulisho tafadhali." Ijumaa napiga kelele mpaka sauti inakauka. Namtukana rubani kwa Kibondei, ananipungia mkono. Mtu mzima anahitaji mahali pa kupigia kelele.

Sasa leo.

Njiani Mista Glen alikuwa amekunja uso. Nikamuuliza, "Mgongo?" Akasema hapana. Akasema wachezaji wamechoka kufungwa, wamekubaliana: tukipoteza na ya leo, Mbuni inavunjwa. Khalas. Kila mtu ashike njia yake.

Nikamgeukia. "Sasa Ijumaa mimi nitakwenda wapi?"

"Utapumzika, Shabani."

Nitapumzika! Na nani? Na Kassim wa chumbani kwangu na mikoromo yake?

Tumefika uwanjani, Bahrain wameshavaa jezi nyekundu, wanaruka-ruka kama panzi. Sisi tunamtafuta Toni. Huyu ndiye mhusika wa kwanza, mwandikeni. Kila goli lina mtu mwenye koti jeupe anayepunga bendera: mbili likiwa goli, moja wakiwa wamekosa. Upande wetu kazi hiyo ni ya Toni. Toni hakuja. Mkewe amempeleka Lusail kuchagua makochi. Makochi! (Toni, ukiyakalia, ukumbuke yamenigharimu nini.)

Mista Glen akatazama huku na huku. Hapo akaingia mhusika wa pili, Kassim, dereva, mtu wa Unguja, tunalala chumba kimoja. Leo alikuja kwa mara ya kwanza eti aone ninachokipendea. Hakuna aliyemuuliza kitu, akaropoka:

"Si huyu hapa! Yakhe, kamata bendera hizo, kwani una kazi gani?"

"Mimi shabiki, Kassim. Shabiki hawi mwamuzi."

"Kupunga vitambaa nako kunataka cheti?"

Watu wakacheka, nikashikishwa bendera. Daktari wa meno akanivalisha koti lake la kazini. Linanibana makwapani mpaka mikono inasimama yenyewe. Wafula, nesi wa Kenya anayekuja na sanduku la dawa, akanikagua juu hadi chini.

"Mzee Shabani, leo unakaa kama mtu wa bucha."

"Angalia sanduku lako, wewe."

Mchezo una robo nne. Kila robo ikiisha, timu zinabadilishana magoli. Lakini mshika bendera habadiliki, anabaki na goli lake lilelile. Kumbukeni hilo. (Mimi sikulikumbuka.)

Robo ya kwanza Bahrain wakashambulia goli langu. Robo ya pili ikawa zamu ya Mbuni kuja kwangu, na wakafunga! Nikapunga bendera zote mbili mpaka refa akanifuata akaniambia hii si ngoma. Robo ya tatu Bahrain tena. Walivyotufunga! Na kila wakifunga, wa kupunga ni mimi. Mnajua uchungu wa kumtangazia adui ushindi wake? Nilipunga kama mtu anayefukuza nzi msibani.

Wakapumzika, wakanywa maji, ikaanza robo ya mwisho. Mimi sikusogea, nikadhani wamesimama kunywa maji tu. Mpira ukaganda upande ule mwingine, mbali, naona vichwa tu. Huko Bahrain walikuwa wanapiga, wanakosa, wanapewa vipointi vyao vya bure. Lakini mimi kichwani mwangu robo ya tatu haijaisha. Kichwani mwangu wanaoshambulia kule ni Mbuni. Nikawa nashangilia:

"Hapohapo! Msitoke hapohapo!"

Watu wa pembeni wakanigeukia. Nikadhani wameipenda sauti yangu.

Jua limeshuka, linanipiga machoni. Goli langu halijaguswa. Nikaanza kuwaza mambo ya Ijumaa ijayo, nimekaa kitandani natazama soksi za Kassim. Mara namsikia mwenyewe anapiga yowe kutoka kwenye mstari:

"Pointi nne! Tuko nyuma pointi nne! Muda unakwisha!"

Goli moja ni pointi sita. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la saba naiweza. Goli moja, tumeshinda, timu imepona.

Hapo kundi lote likageuka. Linakuja kwangu. Nalisikia kwenye nyasi, dudududu, kama ng'ombe wanaokimbilia maji. Moyo ukaniambia: Shabani, wanakuja kutumaliza. Mtu mmoja akaupiga kutoka mbali. Papai likapanda juu, likatua mbele yangu, wakaurukia, wakarukiana, wote chini, rundo moja la miguu. Na kutoka kwenye rundo lile, polepole, mpira ukachomoka peke yake.

Unabingirika. Unayumba kulia, unayumba kushoto. Unaelekea katikati ya nguzo. Hakuna mtu!

Kipa haangalii jezi, ndugu zangu. Kipa anaangalia mpira.

Nikatupa bendera nikaruka.

Niliruka, jamani. Kwa umri huu, na kitambi hiki. Koti likapasuka mgongoni, praaa! Nikaupata kifuani, nikajikunja, nikagaragara nao, nikainuka nimeunyanyua juu ya kichwa.

"Nimedakaaa!"

Honi ya kumaliza mchezo ikalia palepale. Wachezaji wamesimama, mikono kichwani. Nikadhani wamestaajabu. (Kwa kweli walikuwa wamestaajabu.) Wa kwanza kunifikia akanikumbatia, akaninyanyua kutoka ardhini, akanibusu kwenye paji la uso. Na mimi nikambusu! Tukabusiana kama mashemeji siku ya Idi. Aliponishusha ndipo nikaiona jezi yake.

Nyekundu.

Mbona Bahrain ananibusu?

Kassim anakuja mbio, kandambili moja imeshapotea. "Yakhe! Umedaka letu! Lilikuwa letu lile! Letu!"

Lahaula.

Nikageuka taratibu. Pale kwenye rundo alikuwa amepiga magoti daktari wa meno. Ndiye aliyeupiga kutoka ndani ya rundo. Msimu mzima anapisha, leo hakupisha, kapiga, mpira umekwenda sawasawa na njia yake, na aliyeuzuia ni mimi, ndani ya koti lake.

Refa akaja. Ni mwalimu, mtu mzima, mvi tupu. Akanitazama, akautazama mpira. Akasema amepuliza filimbi tangu ujana wake, jambo hili hajapata kuliona.

"Basi hesabu goli," nikamwambia. "Kosa ni langu, hesabu tu."

"Haukuvuka mstari, Shabani. Umeudaka vizuri mno."

(Hiyo ndiyo sifa yangu ya kwanza ya udakaji tangu kiwanda kifungwe. Oneni ilivyonijia.)

Kwa hiyo tumefungwa. Mista Glen alikuwa amekaa kwenye nyasi, uso viganjani, mabega yanatikisika. Nikaenda. Miguu ilikuwa mizito kuliko siku ile kambi inafungwa, wallahi. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mista Glen, usilie. Waambie mimi ndiye niliyeivunja timu, wao hawana kosa."

Akainua uso. Halii! Anacheka. Anacheka ameshika mgongo, pumzi haitoki, machozi yanachirizika mpaka kwenye masharubu. Pita rubani amelala chali anapiga nyasi kwa ngumi. Nawaambieni, msimu mzima sijawaona wanacheka pamoja uwanjani. Huwa wanakwenda kwenye magari yao mmoja mmoja kama watu waliotoka kuchomwa sindano.

Nahodha wa Bahrain, jitu lina ndevu mpaka kifuani, akasema yeye harudi kwao na ushindi wa aina hii. Wakimuuliza ameshindaje, aseme kadakiwa na mshika bendera? Anataka marudiano, mwezi ujao, kwao. Kabla mtu hajajibu, daktari wa meno akasimama.

"Mimi nakwenda. Hata peke yangu."

Mista Glen akafuta macho. "Basi timu hatuvunji. Tukivunja leo, watasema tumevunjwa na Shabani."

Yalla, wakashangilia! Nikabebwa juu juu, koti linapepea vipande viwili. Kassim naye anashangilia, mnafiki yule. Na mhusika wa tatu, Wafula, badala ya kunipa pole kama nesi mwenye huruma, alikuwa ameshika simu tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Mzee, nimeshika yote. Mpaka pale umepigwa busu."

"Futa, Wafula. Nina wajukuu."

"Nifute? Hii naituma mpaka Bungoma!"

Kwa hiyo Mbuni wapo, na Ijumaa yangu ipo. Nimepewa masharti: sishiki bendera tena, na nisimame mbali na nguzo yoyote, hata ya taa.

Sasa niko chumbani, kiwiko kimevimba. Dakika hii hii Kassim amenirushia ndizi, akasema "Daka!" Nikadaka. Jirani wa chumba cha pili naye kapita mlangoni, karusha limau bila hata salamu. Nikadaka. Mikono hii imeshakosa adabu.

Kesho alfajiri narudi getini. Mnaopita pale, nawaomba, chekeni mkishafika ndani. Na vitambulisho nipeni mkononi kama watu wastaarabu, msinirushie. Nitadaka.