Macho ya Mchumba, Mdomo wa Mpambaji

Jumatatu, 2 Juni
Nimepata kazi ya televisheni! Mhusika mkuu wa tamthilia ni mchoraji asiyejiamini, anayegombewa na wanawake wawili. Anayemwigiza ni Bwana Sura, mzuri kupindukia, ila brashi anaishika kama mswaki. Kwa hiyo kamera ikisogea kwenye turubai, mikono ni yangu. Sura yake, kipaji changu. Mchumba wangu kafurahi, kisha akauliza Alhamisi, siku ya kurekodi, nitamchora nani. Akasema kama kweli nampenda, uso uwe wake, na atakuja kushuhudia. Nikaapa.

Jumanne, 3 Juni
Mpambaji wa studio amenipaka poda mikononi. Kidole kimoja kimoja! Tangu nizaliwe sijahudumiwa hivyo. Akauliza picha itakuwa ya nani. Nikajikuta nimesema ni yake. Akacheka vizuri mno. Nimekwisha.

Jumatano, 4 Juni
Nimelala na tatizo, nimeamka na akili. Uso mmoja, wenyewe wawili: macho ya mchumba, mdomo wa mpambaji. Kila mmoja atajiona. Wachoraji wakubwa wote walipitwa na wazo hili! Nimefanya mazoezi sebuleni. Dada yangu akapita na ndoo ya nguo, akauliza kwa nini namchora shangazi akiumwa jino. Wivu mtupu.

Alhamisi, 5 Juni
Sitaki kuandika. Naandika.
Nilichora. Mwongozaji akasogea, akakodoa macho, akanikumbatia. Kumbe mswada wa tamthilia unataka picha mbovu, ili msanii akate tamaa na kuichana! Alikuwa ameitafuta picha mbovu kiasi hicho mwezi mzima. Bwana Sura akaichana kwa kisu, huku akilia kwamba hana kipaji. Aliifurahia mno kazi hiyo. Ikabidi nichore nyingine ya kuchanwa tena, halafu nyingine. Mwongozaji akanisifu: zote mbovu vilevile.
Mchumba alikuwa pale, karibu na mpambaji. Wakaitazama picha, wakatazamana. Mmoja akasema hayo macho anayajua. Mwingine akasema huo mdomo ni wake. Hawakugombana. Ningefurahi wangegombana. Wakanigeukia pamoja, wakauliza hiki ni nini. Nikasema ni sanaa.
Mchumba akavua pete, akaniwekea kiganjani. Akasema anataka mume, hataki maonyesho. Wakaondoka wawili kwenda kunywa chai, wameshikana mikono kama ndugu.
Nikaifumbata pete kwa mikono yote miwili, na siyo kwa kuigiza. Nampenda yule mwanamke. Inauma. Mpiga picha alikuwa bado anarekodi. Mwongozaji akasema hatimaye nimeelewa kazi.

Ijumaa, 6 Juni
Nimempigia simu mchumba. Akapokea mama yake. Akasema binti yuko, mzima, ana raha. Hakuna mtu aliyemwomba aniambie hayo. Nikamsihi aniombee nafasi moja tu. Akaguna, akasema nilete ushahidi kwamba nimebadilika, Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nisije na njaa.
Nafasi ninayo!

Jumamosi, 7 Juni
Nimebadilika kabisa. Nachora picha mpya ya kupeleka kesho. Macho yake, mdomo wake, mashavu yake, hata kovu dogo la kidevuni. Mara hii hakuna mzaha, uso ni wa mchumba peke yake.
Nywele tu ndizo nimemwahidi mshonaji wa mavazi wa studio.