Kiti cha Kumwinua Baba

Jumatatu, 3 Machi
Baba leo kashindwa kusimama. Kajaribu mara tatu, mara tatu karudi kitini. Tarishi mstaafu, miguu iliyozunguka mji huu miaka thelathini! Dada kaja mbio, kamshika kwapani, kamwinua. Kisha kanitazama kama pambo la ukutani. Haya. Mimi fundi makochi, springi ndizo kazi yangu. Nitatengeneza kiti kitakachomwinua mzee bila kumsumbua mtu. Tuone nani mwenye baba.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwona jirani yetu, mwalimu wa fizikia. Kasema mbona rahisi: nishati haipotei, hubadilika umbo tu. Iliyobanwa kwenye springi ndiyo itakayompandisha mzee. Kadi ya kliniki inasema baba ni kilo sitini na nne. Kumnyanyua sentimita thelathini, jouli 192. Springi zangu nne zikibanwa zinatoa hizo hizo! Mwalimu kashauri nimpime baba upya, maana kadi ni ya mwaka jana. Walimu kwa maneno!

Jumamosi, 8 Machi
Majaribio, karakana kwangu. Baba kakaa, nimefyatua komeo. Lahaula! Mzee kaachana na kiti kabisa, kimo cha kiganja, dada kamdaka hewani. Baba kacheka hadi kikohozi kikamshika. Dada hakucheka. Kasema sikio la kufa halisikii dawa, tena mbele ya wateja wangu.

Mwalimu kapiga hesabu kinyumenyume. Jouli ni zile zile 192, lakini mzee kapanda sentimita arobaini badala ya thelathini. Basi ni kilo arobaini na nane. Nikamwambia springi zina kasoro. Kilo kumi na sita ziende wapi? Si yeye aliyesema hakuna kinachopotea? Kanishika bega. Sikupenda.

Jumatano, 12 Machi
Nimetoa springi moja, kwa ajili ya amani tu. Zimebaki tatu, zinatosha kilo arobaini na nane sawasawa. Mzee karuka tena. Kidogo, lakini karuka. Hesabu sikuipiga. Sitaki kuijua.

Baba kaniambia, fundi wangu, weka hiyo bisibisi chini, njoo ukae nami kidogo. Nikamjibu subiri, baba, namalizia. Nimelia stoo, nyuma ya magunia ya sponji. Dada akiuliza, ni vumbi.

Alhamisi, 20 Machi
Baba katutoka asubuhi. Kitandani, kashikwa mkono na dada. Mimi nilikuwa karakana natafuta springi laini zaidi. Kaniulizia mara mbili. Naumia, jamani. Naumia sana.

Jumamosi, 22 Machi
Tumezika. Watu walikuwa wengi, wengine sikuwajua. Walisema baba aliwaletea barua.

Dada kakaa sakafuni kando ya kitanda kitupu, tangu tuliporudi hataki kuinuka. Shangazi kanivuta pembeni. Kasema nenda ukamwinue dada yako, sasa hana mwingine ila wewe. Kweli kabisa, hana. Nimesimama mlangoni, nimemtazama vizuri kwa huruma. Kilo sabini hivi. Springi nne hazimtoshi, tano. Nimemwambia abaki pale pale, asijisumbue, keshokutwa kiti kitakuwa tayari.