Kina Mama Wapanda Kilima Lodwar, Chini ya Uongozi Wangu

Jumatatu, 3 Februari
Kakuma. Joto kambini tangu alfajiri. Adhel, Msudani Kusini anayeuza vitenge mlango wa pili na saluni yangu, ametangaza kwamba kina mama wa bloki yetu tutakwenda Lodwar kupanda kilima na kulala nje. Bila waume. Bila watoto. Makofi!

Kisha akatafutwa kiongozi, na macho yote yakamwendea Adhel, eti kwa sababu ana miguu mirefu. Tangu lini twiga akawa mwenyekiti? Nikasema, kwa upole, kwamba mimi nilipanda volkano ya Goma. Macho yakarudi kwangu. Raha! Nikachaguliwa papo hapo.

(Ukweli: niliiona dirishani kwa bibi. Lakini niliiona vizuri.)

Ilunga, mume wangu, alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Eti mimi hata kanisani naenda kwa pikipiki. Wivu.

Alhamisi, 6 Februari
Tatizo: Christelle. Mrundi, kijana, mpole kupita kiasi. Tangu afiwe na mumewe, shemeji yake Ruben ndiye anayeamua kila kitu, hata chumvi ya mboga. Ruben amemkataza kwenda.

Mpango wangu ulikuwa safi. Nikamwambia Ruben ni safari ya maombi. Akafurahi. Akafurahi mno. Akasema atakuja kuhubiri! Nikatoroka.

Adhel akaenda bila mpango wowote. Akamwambia: "Shemeji, Christelle anakwenda. Watoto utabaki nao wewe." Ruben akauliza watoto hulala saa ngapi. Basi, imekwisha! Sifa zote kwa Adhel. Hakuna aliyekumbuka kwamba ni mimi niliyemlainisha.

Jumamosi, 8 Februari
Mazoezi kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu. Nimenunua buti za mlimani, mtumba. Zinabana, lakini zina sura ya uongozi. Wenzangu wamevaa akala, ndala za tairi. Niliwaongoza nikiwa nyuma, ili niwaone wote. Malengelenge miguu yote miwili. Christelle hakuhema hata kidogo. Mtu wa kuchungwa huyo.

Ijumaa, 14 Februari
Lodwar! Vibali vya kutoka kambini vimepatikana. Mwenyeji wetu Mama Lochakapong, Mturkana wa hapa hapa, akatusalimu kwa Kiturkana, "Ejok!", na kuuliza kiongozi ni nani. Nikajitokeza kifua mbele. Akazitazama buti zangu, akanipa pole. Sijui ya nini.

Jumamosi, 15 Februari
Siku yenyewe. Tulianza kabla ya jua kukasirika. Christelle alitangulia, anaruka mawe kama mbuzi. Haiwezekani kiongozi afike wa pili! Nikachepuka, nikakata njia ya mkato.

Mkato ukanikata mimi. Nikajikuta kwenye ukingo wa jiwe, mbele ukuta, nyuma sikumbuki nilipitaje. Kitenge kimenaswa na mwiba. Soli ya buti ya kulia ikabanduka, ikaanguka. Nikasubiri kusikia imefika chini. Ilichukua muda.

Juu wakaita: "Mama Shalom, uko wapi?" Nikajibu kwamba nakagua njia. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya kifaranga. Ni kweli niliogopa. Nilimfikiria Shalom wangu akisukwa nywele na mama wa kambo.

Aliyeshuka ni Christelle. Yule ambaye saluni hunong'ona! Akalala kifudifudi, akanyoosha mkono. "Mama Shalom, nitazame mimi. Usitazame chini. Weka mguu hapa. Hapa, nimesema!" Nikaweka. Nani angebisha? Akanivuta kama gunia la mahindi.

Kileleni, upepo. Mto Turkwel kule chini, kijani chake chembamba, na nchi yote imelala wazi. Christelle akasimama, akapaza sauti jina lake mwenyewe. Mara ya kwanza kwa haya. Mara ya pili Lodwar nzima ilisikia. Adhel akalia. Akasema: "Maisha yangu yote nimesafiri nikikimbia kitu. Leo sikimbii kitu chochote." Tukamkumbatia, tukawa donge moja la jasho. Vumbi liliniingia machoni, yote mawili.

Kisha picha. Nilisimama mbele. Mguu mmoja tu unaonekana, ule wenye soli.

Jumatatu, 17 Februari
Kakuma. Ruben amevamia saluni, moto! Christelle amemwambia kuanzia sasa ataamua mambo ya nyumba yake mwenyewe, na kwamba anajifunza kuendesha pikipiki, abebe abiria. Ruben akafoka: "Mama Shalom, wewe ndiye kiongozi. Umemfundisha nini huko?"

Mtu wa kwanza kuniita kiongozi bila kucheka! Nikamwambia: kila kitu. Nikamwonyesha na picha.

Jumapili, 23 Februari
Uchaguzi wa kiongozi wetu kina mama, baada ya ibada. Christelle kapita. Mimi nilinyoosha mikono yote miwili, nikahesabiwa kura moja. Dhuluma! Nimepewa cheo cha mshauri, yaani mtu anayesikilizwa akishanyamaza.

Adhel akanivuta kando. Akaniambia wananipenda hivi hivi nilivyo, hata bila Goma. Kumbe alijua tangu mwanzo! Nikaguswa sana. Nikaazimia, palepale, kunyamaza.

Ndipo Christelle akatangaza safari ijayo: ziwani Turkana. Akauliza kama kuna mtu anayejua habari za mamba.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.