Neno la Nane na Mtamba wa Jerusa

Mjanja haendi kutafuta kazi. Hukaa mahali penye chai ya maziwa mengi, akakunja mguu, akangoja kazi ije kumtafuta yeye. Ndivyo Kepher alivyokuwa amekaa pale Kedowa, kwenye kibanda cha kando ya barabara, asubuhi ya baridi, Molly alipoingia na mama yake Jerusa. Macho ya Molly yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi.

Kepher hakuwa mtu wa Kedowa. Alikuwa amepitia Sotik akiuza dawa ya panya, ambayo panya waliipenda wakanenepa. Kabla ya hapo, huko Ndanai, alikuwa daktari wa meno kwa muda mfupi sana. Sasa alikuwa na koti zuri la kijivu, viatu vya kung'aa, na hakuwa na shughuli.

"Walinionyesha picha," Molly alikuwa akimwambia mama yake. Alikuwa ametoka Nairobi kuhojiwa, apate kazi ya kutunza wazee ng'ambo. "Wakasema nieleze ninaona nini. Nikasema, 'a black big bag.' Yule mama mzungu akatabasamu, akaandika kitu. Hapo ndipo nilipoanguka. Wamesema nirudi mara ya pili, lakini nikirudi na hii Kiingereza yangu ni bure."

"Mfuko haukuwa mweusi?" Jerusa akauliza.

"Ulikuwa mweusi."

"Na haukuwa mkubwa?"

"Mkubwa, mama."

"Sasa kosa ni gani, nyathina, mwanangu?"

Kepher akaweka kikombe chini polepole, kama mtu anayetaka kutangaza tanzia. "Kosa, mama, ni kwamba mkubwa alitakiwa kuingia kabla ya mweusi. 'A big black bag.' Mtoto amesoma, lakini hakuna aliyemwonyesha viti."

"Viti?"

"Ngoja nikueleze. Sisi Waswahili tunaleta ng'ombe kwanza, halafu tunamsifu: ng'ombe mzuri, mkubwa, mwekundu. Mzungu anasifu kwanza, mstari mzima, na ng'ombe anaingia mwisho. Na hayo maneno ya sifa hayaingii ovyo. Kila moja lina kiti chake, kama wazee kwenye harusi. Ukikalia kiti cha mwenzako, watu wanatabasamu, halafu wanaandika kitu."

Hapo alisema kweli, na tumpe haki yake. Kepher alifukuzwa chuo cha ualimu kabla hajazoea kitanda, lakini somo hilo moja lilimganda kama kupe.

"Viti ni vingapi?" Molly akauliza, machozi yamekauka.

Kepher akatazama huku na huku, akainama. "Nane."

Kina mama wawili waliokuwa meza ya pili wakaacha kutafuna.

"Na wewe unaweza kunifundisha?"

"Mimi ni Mwalimu Kepher. Najua bonasi ya chai haijatoka na mifuko ni mitupu, na mimi si mtu wa pesa. Kila kiti, kuku mmoja."

Vyote vinane angeweza kuvifundisha kabla chai yake haijapoa. Lakini muuza muwa hampi mtu mti mzima. Hukata pingili, pingili.

*

Darasa lilifunguliwa kwenye stoo nyuma ya posho mili, mashine ya kusaga unga. Alianza Molly, akaja Omosa kinyozi, wakaja wasichana waliokuwa na ndoto ya ng'ambo, akaja na Mzee Kipngeno, ambaye hakuwa anaenda popote. Yeye alitaka tu kuwajibu wajukuu wake wa Nakuru, ambao walimpigia simu kwa Kiingereza na kumcheka.

"Kiti cha kwanza," Kepher alisema, "ni maoni yako. Kitu ni kizuri ama kibaya? 'Lovely.' Mzungu anataka ajue moyo wako kabla ya yote."

"Hata kama sijakiona vizuri?" Omosa akauliza.

"Hasa kama hujakiona vizuri."

Kiti cha pili ukubwa, kuku. Cha tatu umri, kuku. Cha nne umbo, cha tano rangi. Kila somo lilikuwa fupi kuliko maombi ya kulifungua. Cha sita, kitu kimetoka wapi. Cha saba, kimetengenezwa na nini. Nyuma ya stoo makreti ya kuku yalijaa, na jogoo waliwika kila saa isiyo ya kuwika, hata wenye posho mili wakalalamika kwamba elimu ina kelele.

Lakini watu walifurahi. Ukipita sokoni ulisikia mtu akiita kabichi 'a lovely big round green Kedowa cabbage', na kabichi yenyewe inaona haya. Mzee Kipngeno alimpigia mjukuu wake akamwambia ana 'nice old brown leather shoes'. Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee alitembea siku nzima akiwa amevaa hivyo viatu.

Kiti cha nane kikabaki.

"Hicho," Kepher akamwambia Jerusa, amekuja mwenyewe mpaka nyumbani kwake, "hakilipiwi na kuku. Ndicho kilicho karibu kabisa na kitu chenyewe. Bila hicho, viti saba ni nyumba bila mlango. Molly anarudi Nairobi wiki ijayo, si ndiyo?" Na jicho lake likavuka ua, likatua kwenye zizi.

Zizini palikuwa na mtamba. Jerusa alichuma chai ya watu mpaka vidole vikawa vyeusi, akamnunua akiwa ndama, akamlea kwa majani ya nepia aliyoyakata kando ya barabara. Sasa alikuwa na mimba. Mipango ya nyumba ilikuwa imesimama kwa miguu minne ya huyo ng'ombe: Molly akienda, maziwa yatabaki na mama. Molly asipoenda, maziwa yatalisha wote wawili. Mbali na huyo, Jerusa alikuwa na sufuria na imani.

"Mtamba wangu, mwalimu?"

"Sikulazimishi, mama. Mtoto ni wako."

Maneno hayo matatu ya mwisho yamewahi kumaliza mifugo mingi.

*

Jerusa hakulala vizuri. Alfajiri akaenda kwa Drusilla. Huyu Drusilla aliuza mboga siku za wiki, lakini Jumapili alikuwa mnadi wa kanisa, na sauti yake ilisikika mpaka mashamba ya chai ya ng'ambo ya mto. Watu walimwogopa kuliko kodi. Alikuwa amewahi kumuuzia chifu boga moja mpaka chifu akamaliza nauli, akarudi nyumbani kwa miguu.

Drusilla alisikiliza mpaka mwisho, akamenya kitunguu, akasema, "Mlipe."

"Drusilla!"

"Mlipe, Mama Molly. Lakini mlipe Jumapili, sikukuu ya mavuno, mbele ya kanisa. Mwambie unataka akabidhiwe kamba kwa heshima, awe mgeni rasmi. Mwenye koti kama lile hawezi kukataa kuwa mgeni rasmi."

"Na akiondoka naye?"

"Atapitaje mnada wetu? Mimi nauendesha kila mwaka na hata mimi sijawahi kuushinda."

Kepher aliposikia 'mgeni rasmi' alinyoosha kola. Kanisa zima! Wanafunzi wapya! Akapanga pikapu imngojee nje ya lango, kuku wote wakiwa ndani ya makreti, ili ibada ikiisha apakie mtamba na kuaga.

Jumapili ikafika. Kanisa lilikuwa na mabati nusu, nusu nyingine ilikuwa mbingu. Watu walileta viazi, ndizi, miwa, maziwa ya mursik kwenye kibuyu. Kepher aliketishwa mbele, kando ya Omosa kinyozi, maua ya plastiki kifuani. Jerusa akaingia uwanjani akivuta mtamba, akampa Drusilla kamba.

"Mama Molly amemletea mwalimu zawadi!" Drusilla akapaza sauti. Watu wakapiga makofi. Kepher akasimama, akanyoosha mkono kuchukua kamba. Drusilla akaivuta kidogo tu.

"Na mwalimu ni msomi, hahitaji kuambiwa. Kitu kikivuka hili lango siku ya mavuno, ni cha Bwana mpaka kinunuliwe. Ama tumwambie Bwana angoje?"

"La, la," Kepher akasema, maana watu wote walikuwa wanamtazama. "Asingoje."

"Basi tuanze! Na leo, kwa heshima ya mgeni, tutanadi kwa Kiingereza. Kila kiti kikikaliwa, bei inapanda. Molly, kiti cha kwanza!"

"Lovely!" Molly akaita.

"Nani anafungua?"

Kepher akacheka, akainua mkono. "Kuku mmoja." Akaona ni jambo dogo. Kuku akatolewa kwenye pikapu, akapelekwa madhabahuni.

"Debe la viazi!" Mzee Kipngeno akaita kutoka nyuma.

"Big!" likasema darasa.

"Kuku watatu," akasema Kepher.

"Mkungu wa ndizi!" sauti ya mama fulani.

"Young!" Kuku. "Round!" Kuku. Watu waliongeza kabichi, wakaongeza mayai, na kila wakiongeza mwalimu alipanda juu yao, maana angeshindwaje na kabichi? Kufika 'brown' makreti mawili yalikuwa matupu. Kepher akainama kwa Omosa, akanong'ona akitabasamu kwa ajili ya watu.

"Omosa, ndugu yangu. Nikishindwa, kuku wangu wanarudi, sivyo?"

"Wanarudi wapi, mwalimu?"

"Kwangu."

Omosa akamtazama kwa huruma ya kweli, ile ya kinyozi aliyeteleza na mashine. "Mwalimu, hii ni harambee ya kanisa. Ukiongeza, umetoa. Wote wanaoongeza wametoa. Ng'ombe anaenda na yule wa mwisho tu."

Minada Kepher aliyoijua ni ile ya mjini, ambapo anayeshindwa huondoka na mali yake. Tabasamu likabaki usoni, lakini mwenyewe alikuwa ametoka. Sasa alikuwa na njia moja tu: kumpata huyo ng'ombe, ama kuondoka Kedowa na koti tu.

"Kedowa!" darasa likaita, kiti cha sita.

"Kreti zima!" akapiga kelele mgeni rasmi.

"Kiti cha saba!" akasema Drusilla. "Ng'ombe ametengenezwa na nini?"

Hilo mwalimu hakuwa amelifundisha kwa ng'ombe. Wanafunzi wakatazamana. Mwisho Mzee Kipngeno akasimama na viatu vyake.

"Napier," akasema.

Jerusa, aliyeikata hiyo nepia kwa mikono yake, akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeweza kubisha. "Napier!" kanisa likaitika, na Kipngeno mwenyewe akaongeza debe la pili. Kepher akaita kreti la mwisho.

"A lovely big young round brown Kedowa napier..." Drusilla akaimba, akasimama hapo. "Napier nini? Kiti cha nane kina nani? Mimi sifungi mnada wa ng'ombe ambaye hajaitwa jina lake lote. Tutaendelea kuongeza mpaka jioni. Nani ana magunia nyumbani?"

Mikono ikaanza kuinuka. Kepher akavua koti, akalitupa juu ya viazi. "Na koti! Na mnada ufungwe!"

"Hauwezi kufungwa, mwalimu. Kuna kiti kitupu."

"Kazi!" Kepher akalia. "Kiti cha nane ni kazi ya kitu! Ni wa kazi gani? Wa maziwa! 'Dairy'! 'Dairy heifer'! Fungeni mnada!"

"Dairy," kanisa zima likasema taratibu, wazee kwa watoto, mpaka na dereva wa pikapu. Molly alilisema mara ya pili peke yake, midomo tu.

"Sasa ameketi vizuri," Drusilla akasema. "Kwa koti la mwalimu, mara ya kwanza. Mara ya pili..."

"Yai," Molly akasema.

Alikuwa amelishika mkononi tangu asubuhi, likapata joto.

"Koti, na juu yake yai! Mwalimu, unaongeza?"

Kepher akajipapasa. Mkono ukafika kwenye mshipi.

"Suruali hapana," pasta akasema haraka.

"Mara ya tatu! Mtamba anarudi na Molly!"

Jerusa akaketi chini kwenye nyasi, kamba mapajani, akacheka na kulia pamoja. Kepher akamwendea, shati likipepea.

"Mama, haki iko wapi? Mtamba alikuwa malipo ya neno la nane!"

"Neno umelitoa mbele ya kanisa, mwalimu," Jerusa akamjibu, kwa upole kabisa. "Na hapa kwetu ukiongeza, umetoa."

Drusilla hakutaka isemekane Kedowa haina adabu. Mgeni hatoki mikono mitupu. Akalichukua lile yai, akaliweka kwenye kiganja cha Kepher, akamfungia vidole kimoja kimoja. "La njiani."

Pikapu ilikuwa imekwisha kuondoka, kwa sababu dereva alilipwa kubeba kuku. Kepher aliteremka barabara kwa miguu, mkono mmoja mbele, kama mtu aliyebeba mshumaa kwenye upepo.

Kuku wakawa mabati, na mbingu ikafungiwa nje. Molly alirudi Nairobi, akaonyeshwa picha nyingine, akaieleza kwa viti vyote bila kukosea. Yule mama mzungu akatabasamu, akaandika kitu, kama mara ya kwanza. Kisha akamwuliza: mzee akikataa kula, utafanya nini? Molly akamwambia namna nyanya yake alivyokuwa akikubali uji ukianza kuunywa wewe. Akapewa kazi.

Habari ya Kepher ililetwa na wauza ndizi. Yuko Ndanai, walisema, ana koti jipya, anafundisha makanisa namna ya kuendesha mnada: ukiongeza, umetoa. Watu wamejaa.

Drusilla alikuwa anapanga sukuma wiki. Hakuinua hata kichwa.

"Hiyo elimu ni yangu," akasema. "Mwambieni ada ni kuku mmoja kwa kila somo, na alete kuku kwanza."